Moshi wa Buluu na Herufi Niliyoimeza

Uliponiacha Jumapili iliyopita, msomaji wangu, nilikuwa nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya oili kwenye gereji ya Mzee Twahiru, hapa Nyakabanda. Usiku ule nililala nao chini ya mto. Nilidhani shida zangu zimekwisha.

Kwa anayenikuta leo tu: naitwa Umulisa. Shule niliiachia darasa la tano. Mwalimu akinisimamisha nisome, sauti ilitoka nusu, mianzo ya maneno ikabaki kooni. "Umulisa anakula herufi," alisema, na darasa zima likacheka. Mama yangu alipofariki, jirani yetu, fundi cherehani, akanichukua nikae kwake. Jina lake ni Mukantwari, lakini mtaa mzima unamwita Mama Kaze. Ndiye aliyeniombea kazi kwa Mzee Twahiru, ya kuosha vipuri kwa dizeli.

Pale gereji hakuna aliyenitaka niseme. Niliosha na kusikiliza. Na Mzee Twahiru anapenda mtu wa kusikiliza.

"Usiiulize gari inaumwa nini," alikuwa akiniambia. "Zunguka nyuma, tazama moshi. Ukiwa mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa. Ukiwa mweupe na unanukia utamu, maji yameingia kwenye injini. Na ukiwa hivi, rangi ya shingo ya njiwa..."

"Buluu," nilisema.

"Buluu. Hiyo inakula oili. Sasa inama, tazama chini ya gari. Hakuna tone. Lakini kijiti cha kupimia kinasema oili imeshuka. Imepita wapi?"

"Kwenye bomba la moshi."

"Sema kwa nguvu, binti! Hukuniibia kitu!"

Mafundi wakaanza kuniita Madamu Moshi. Aliyelianzisha jina hilo ni Ngabo, fundi mkubwa baada ya mzee mwenyewe.

Sasa nakiri jambo ambalo wiki iliyopita nililiruka.

Oili ya stoo nilikuwa naitoa.

Mama Kaze ana minibasi ya dizeli anayoikodisha kwa harusi na safari. Dereva wake ni Hirwa. Kila baada ya siku tatu, asubuhi, kabla mafundi hawajafika, Hirwa alikuja mlangoni pa stoo na chupa tupu ya maji.

"Umulisa, sha, rafiki yangu, niongezee kidogo tu."

"Mama Kaze anajua?"

"Akijua atasema ni mimi ninaikimbiza. Ameshaniapia, tatizo moja tena na ufunguo anampa dereva mwingine. Unataka nikose kazi?"

Sikutaka akose kazi. Hirwa ni mtu pekee anayesubiri mpaka nimalize sentensi. Wengine wote hunimalizia.

Nikamjazia. Lita moja, kila siku tatu. Nikainama kutazama chini ya gari: pakavu. Akaondoka kupanda kilima, nikatazama nyuma yake: njiwa.

"Hirwa, ni tabo," nilimwambia siku moja. Tabo ni kile kipande kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Kikichoka huvujisha oili humo humo kwenye hewa, na injini inaimeza. "Mwambie Mama Kaze."

"Nitamwambia baada ya harusi."

Harusi ilikuwa ya Kaze, mtoto wake wa pekee. Jumamosi familia ilikuwa inakwenda Musanze kumwombea mchumba, na minibasi ndiyo ingewabeba.

Nilikubali kungoja. Lakini kuna kitu Mzee Twahiru alinisimulia nikiosha vipuri, na tangu hapo kilikuwa kinaninyima usingizi.

"Dizeli inayokula oili yake yenyewe," alisema, "siku moja inakataa kuzimwa. Unazungusha ufunguo, hausaidii kitu. Ufunguo unakata dizeli tu, oili haukati. Injini inakunywa oili yake na kukimbia mpaka ipasuke. Niliona moja huko Tanzania, vipande vilitoboa bati."

"Sasa unafanyaje?"

"Unainyima pumzi. Mdomo wa kuingizia hewa, ziba. Kwa ubao, kwa nguo nene, kwa chochote, ila si kwa mkono wako. Ziba tu. Ikikosa hewa inakufa."

Alhamisi Mama Kaze mwenyewe akaleta gari gereji.

"Watu wananipigia kelele barabarani," alisema. "Eti ninachoma matofali. Nataka gari yangu isiwe na moshi mbele ya wakwe."

Siku hiyo Mzee Twahiru alikuwa msibani Kicukiro. Gari akaipokea Ngabo.

"Mama, ntakibazo, hakuna shida. Kesho jioni iko tayari."

Niliona alichofanya. Ijumaa mchana alifungua mfuniko wa oili akamimina oili nzito kabisa, ile ya matrekta. Akaongeza kopo la dawa inayovutika kama asali. Akapima na kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Akaongeza tena.

"Ili imfikishe Musanze," alijiambia.

Akawasha. Hakuna moshi. Oili nzito ikiwa baridi haipenyi upesi. Ikipata moto inalainika kama maji, na hapo...

"Ngabo," niliita.

"Sema, Madamu Moshi."

Nilikuwa na maneno yote tayari. Imezidi. Ikipanda mlima itachemka. Tabo imekufa.

"Umesema nini?"

"Hakuna," nikasema.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Kila mtu anajua: mpaka saa tano gari haitembei, tuko wote barabarani na majembe. Niliamka nikihesabu. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano nina saa tatu za kusema sentensi moja.

Tulipewa mtaro ulio chini ya gereji. Mama Kaze alikuwa amekuja na kanga mbili na furaha yake yote, nywele zimeshatengenezwa na kufungwa kitambaa.

"Umulisa, leo nacheza mpaka goti lile bovu lipone!"

"Mama..."

"Nini, binti yangu?"

"Gari..."

"Hirwa ameiosha, inang'aa mpaka aibu! Hebu sogea, hilo jembe lako linachimba au linapapasa?"

Wanawake wakacheka. Akaenda zake.

Nikamtafuta Hirwa. Alikuwa anajaza toroli udongo.

"Sema naye leo," nikamwambia. "Oili ni nzito, imejazwa kupita kiasi. Njiani kule Shyorongi ni mlima mtupu."

"Lakini moshi umekwisha, Umulisa. Nimeona kwa macho yangu."

"Haujakwisha. Umejificha."

Alinisubiri nimalize, kama kawaida yake. Halafu akasema, "Sha, niache leo tu. Leo tu."

Saa nne na nusu kazi ikaisha, tukakusanyika kwenye uwanja kwa mkutano. Mzee Frederick, mkuu wa mtaa wetu, alisimama na daftari lake. Akasema juu ya taka, akasema juu ya mbwa wanaozurura. Halafu akauliza kama kuna mwenye neno.

Akasimama Mzee Twahiru.

"Jirani zangu, sina desturi ya kusema mambo ya gereji yangu barabarani," alisema. "Lakini pipa langu la oili linashuka na sijui nani analishusha. Jana nimerudi msibani, nimepima, nusu haipo. Mlango haujavunjwa. Kama kuna anayejua oili yangu inakwenda wapi, aseme hapa, mbele ya watu, tuyamalize."

Hakunitazama. Ngabo ndiye aliyenitazama.

Msomaji, sijui ni nani alinisimamisha. Mimi ambaye hata dukani naonyesha kwa kidole. Nilijikuta niko wima, na watu kama mia mbili wamenigeukia, na kichwani mwangu sentensi imenyooka: Gari ya Mama Kaze inakula oili. Ilikuwa inajibu swali la mzee, na papo hapo ingeisimamisha safari.

Nikafungua mdomo. Mtu nyuma akatupa majembe matatu ndani ya toroli, *gari ya* ikapotea kwenye kelele ile. Na ile *i* ya mwanzo nikaimeza, kama nilivyozimeza zote tangu darasa la tano.

Kilichosikika uwanjani kilikuwa hiki:

"Mama Kaze, nakula oili."

"Amesemaje?" mama mmoja aliuliza.

"Anasema anakula oili!"

"Nakula au nakura?"

"Si yote mamoja!"

Na kweli yalikuwa mamoja. Wenye Kiswahili walisikia *nakula*, yaani naiba. Wenye Kinyarwanda walisikia *nakura*, yaani natoa. Kwa lugha zote mbili nilikuwa mwizi, na nimekiri mwenyewe bila kuguswa.

"Mzee!" Ngabo alipiga makofi. "Si nilikwambia? Stoo unampa mtu asiyeongea! Mtu asiyeongea anaficha nini?"

"I..." nilisema. "I... i..."

"Mwacheni, analia."

"I! I-nakula!"

"Ndiyo, tumesikia, unakula! Unaikaangia nini, viazi?"

Uwanja mzima ukacheka. Mzee Frederick akagonga daftari ili watu wanyamaze.

Mama Kaze alikuwa amesimama. Furaha yote ya asubuhi ilikuwa imeondoka usoni.

"Umulisa," alisema polepole. "Siku nilipokuombea kazi, nilimwambia Twahiru nini? Nilimwambia, huyu hana sauti lakini ana mikono safi. Nilisema hivyo. Sivyo, Twahiru?"

"Ulisema," alijibu mzee.

Nikakimbilia kwa Mzee Twahiru, nikamshika mkono wa shati. Kwa karibu sauti yangu huwa inatosha.

"Oili nilimpa Hirwa. Niliitoa, ndiyo. Lakini ilikwenda kwenye gari. Muulize Hirwa."

Mzee akageuka. "Hirwa! Njoo hapa. Huyu anasema alikuwa anakupa oili."

Hirwa alitutazama. Akamtazama Mama Kaze, ambaye ufunguo wa gari ulikuwa umening'inia kidoleni mwake. Akatazama ncha ya jembe lake.

"Mimi?" alisema. "Ashwi, hata kidogo. Oili ya nini? Gari iko sawa."

Mara hii yeye ndiye aliyenimalizia sentensi.

"Washeni," nikasema. "Washeni gari, mzee atazame moshi."

Nitasema haki ya Mzee Twahiru: alikubali. Tukaingia uani kwa Mama Kaze, yeye na mimi na Ngabo na Hirwa na Mama Kaze. Minibasi ilikuwa imeegeshwa mgongo ukiwa karibu na ukuta mweupe wa nyumba. Hirwa akawasha. Mzee akachuchumaa nyuma, macho kwenye bomba, kwa muda mrefu.

Moshi haukuwepo. Hata wa sigara.

"Oili imetiwa nzito," nilisema. "Ikipata moto..."

"Imetiwa oili safi," Ngabo alinikata. "Mzee, sasa huyu atatufundisha? Jana alikuwa anaosha boliti."

Mzee Twahiru akasimama, goti likalia.

"Binti yangu," alisema, "nimetazama."

Saa tano ikafika. Wanawake wakatoka wamevaa mishanana yao ya kijani, wamebeba vikapu vya zawadi, agaseke kubwa la Mama Kaze, kikapu cha heshima, likatangulia kama bibi harusi mwenyewe. Walikuwa kumi na mmoja. Kaze alishakwenda na rafiki zake tangu jana yake.

Nilisimama mbele ya gari. Nakiri hilo pia. Nilisimama tu, mikono imening'inia.

Mama Kaze akateremsha kioo.

"Toka, Umulisa."

"Msiende na hii. Kodisheni nyingine."

"Ungeniomba, ningekupa," alisema. "Hicho ndicho kinachoniuma. Si oili. Ungeniomba tu. Nikirudi tutaongea. Sasa toka, usinifanye nilie na nimejipaka wanja."

Ngabo akanishika bega, akanisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti. Hirwa akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari ikatoka getini. Wanawake walikuwa wameshaanza wimbo.

Hirwa hakunitazama.

Ua ukabaki na mimi na Mzee Twahiru. Ngabo alishakwenda kutafuta chai.

"Lete ufunguo," alisema mzee.

Nikauvua shingoni, nikampa. Akauweka mfukoni. Alikuwa anageuka kuondoka, halafu akasimama. Alikuwa anatazama ukuta.

"Ukuta huu nani anauosha?"

"Mimi. Kila asubuhi. Leo pia."

"Unaosha nini hapo?"

"Madoa ya bomba."

Akasogea. Pale lilipokuwepo bomba la moshi, kwenye chokaa nyeupe niliyoiosha alfajiri, kulikuwa na vitone vidogo vidogo, vimetawanyika kama upele. Vilikuwa vibichi. Hirwa alipokanyaga mafuta ndipo vilipotoka.

Mzee akapitisha kidole. Akakisugua kwenye dole gumba. Akanusa. Akasugua tena.

"Masizi huwa makavu, na hii ni oili," alisema, akiongea na ukuta.

Akanitazama.

"Umulisa. Pale mkutanoni ulisema nini? Sema tena. Taratibu."

"I... nakula."

"I?"

"I."

"Gari ya Mama Kaze inakula."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Mzee Twahiru akakaa chini, pale pale kwenye sementi, mtu wa miaka sitini na nane.

"Yarabi," alisema. "Na mimi ndiye niliyekufundisha hilo neno. Ngabo ametia nini?"

"Ya matrekta. Na dawa. Imepita alama."

"Imepita kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili.

Akatoa simu, akampigia Mama Kaze. Iliita mpaka mwisho. Akapiga tena. Tukajua: simu iko ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya vikapu, na wanawake kumi na mmoja wanaimba. Akampigia Hirwa. Hirwa akiendesha hapokei simu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyopewa na Mama Kaze, na ndiyo pekee anayoishika.

"Wamefika wapi sasa?"

Nikahesabu. Nyabugogo baada ya umuganda huwa imejaa. Halafu daraja la Nyabarongo. Halafu mlima unaanza.

"Daraja," nikasema.

"Nitamtafuta mtu wa pikipiki."

"Hatawakuta, mzee."

Alijua hatawakuta. Alikwenda mpaka getini na kurudi, akaenda na kurudi. Mimi nilichukua ndoo na kitambaa. Usiniulize kwa nini. Nilianza kuosha ukuta.

Simu yangu ni ndogo, ya vibonye. Hakuna anayenipigia, maana kunipigia mimi ni kama kujipigia mwenyewe. Ilipolia, nusura niitumbukize ndoani.

Alikuwa Hirwa.

Kwanza sikusikia mtu. Nilisikia injini. Nimekaa gereji mwaka mzima na sijawahi kusikia injini ikilia vile: sauti moja nyembamba inayopanda, inapanda, haishuki.

"Umulisa!" Alikuwa anapiga kelele. "Umulisa, nimezima! Nimezima ufunguo, ninao mkononi! Haizimiki!"

"Uko wapi?"

"Shyorongi! Katikati ya mlima! Moshi, hatuoni kitu! Nimetoa gia, nimekanyaga breki, breki ya mkono haishiki! Nikitoa mguu inarudi nyuma, bondeni!"

"Watu?"

"Wanashuka! Mama Kaze hashuki, yuko nyuma anatoa agaseke, anasema hawezi kufika mikono mitupu! Umulisa, ulisema, wewe ulisema! Nifanye nini?"

Mzee Twahiru alikuwa ameshafika, sikio lake liko kwenye simu pamoja na langu.

"Inua kiti cha pembeni yako!" nilisema. "Chini yake kuna bomba la hewa! Mtu alivute, utaona mdomo wake!"

"Limetoka! Limetoka lenyewe! Sasa?"

"Ziba!"

"Nini?"

"Ziba!"

"Nimezima! Nimekuambia nimezima!"

"Si kuzima! Ziba! Zi-ba!"

"Nimeshazima, Umulisa! Ufunguo huu hapa!"

Nililia. Herufi moja. Nilikuwa nimeisema, nakuapia, nilikuwa nimeitoa yote na midomo imegongana, na injini ile ikaila.

"Ba!" nilipiga kelele. "Ba, Hirwa! Ba!"

"Baba nani? Nipe Mzee Twahiru!"

Mzee akanipokonya simu. Ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya kilima.

"Ziba hewa, kijana! Ziba!"

"Nimezima, mzee! Wallahi nimezima!"

Nyuma ya sauti ya Hirwa nilimsikia Mama Kaze. Alikuwa anakohoa, anaita jina la mtu. Ni kama alikuwa anaita langu.

Basi nikatafuta neno jingine. Nilipekua kichwa changu chote, shule yangu yote ya miaka mitano, na jikoni kwa Mama Kaze, na sufuria, na wali, na sauti yake kila jioni akiniambia nisiache chakula wazi.

Likaja.

Nikanyakua simu, nikaishika kwa mikono miwili.

"Funika!" nilisema. "Funika, Hirwa! Funika kwa nguo!"

Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa tangu nizaliwe. Majirani walitoka nje. Haikupungua hata herufi moja.

Mzee Twahiru akanitoa simu mikononi, polepole, akakitazama kioo chake kidogo.

"Imekatika," alisema. "Ilikatika kabla hujasema."